Msafiri, Ondoka Juu ya Begi Lako

Leo nina maneno na abiria anayesubiri usafiri hapa Mpanda. Ametoka Sumbawanga, au Kigoma, au kijijini kwao Mpimbwe, amefika mjini mapema, na chombo anachokifuata hakiondoki mpaka jioni au mpaka kesho. Treni yetu haiondoki kila siku. Ndege nayo haitui kila siku. Mabasi mengi ya safari ndefu hutoka alfajiri, kwa hiyo anayeingia mjini saa nne asubuhi na safari yake ni ya Tabora, Mwanza au Dar es Salaam, anajikuta ana mchana mzima na usiku wake.

Mchana huo anaufanyia nini? Anaukalia. Anaketi juu ya begi, anasinzia, anazinduka, anauliza saa ngapi, ananunua soda, anachezea simu mpaka chaji inakwisha. Akiondoka na kuulizwa huko aendako Mpanda ikoje, anasema kuna jua na vumbi. Jibu hilo linaniuma, kwa sababu mtu huyo alikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwenye mambo ambayo wageni wa Ulaya na Marekani wanavuka bahari kuja kuyaona, na alikuwa na muda wa kuyafikia.

Kwanza tukumbushane mji huu ulivyozaliwa. Mpanda ni mwisho wa reli. Ile Reli ya Kati ikitoka Tabora kwenda Kigoma, pale Kaliua inatoa tawi linaloshuka kusini, kilomita zipatazo 210, hadi hapa. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kulijenga miaka ya mwisho ya 1940, na treni ikafika Mpanda mwaka 1950. Haikuja kumfuata abiria. Ilifuata madini ya risasi yaliyokuwa Mukwamba, mgodi uliochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, kampuni ikafunga virago, reli ikabaki na watu wakabaki. Baadaye reli hiyo hiyo ikawa inapita katikati ya makazi mapya: wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba. Mwaka 1978 wengine wakapelekwa Mishamo. Mwaka 2014 serikali ilitoa uraia wa Tanzania kwa zaidi ya watu 162,000 waliotokana na wakimbizi wale wa 1972. Mama aliyekaa jirani yako kwenye behewa na gunia lake la maharage huenda ni mmoja wao, au ni binti wa mmoja wao. Ukimsalimia vizuri na mazungumzo yakakolea, unaweza kusikia historia ya nchi hii kwa namna usiyofundishwa darasani. Hiyo nayo ni faida ya kusubiri, na haina nauli.

Sasa, kwa nini watu wanaganda stesheni? Si uvivu. Ni hofu ya kuachwa. Hofu hiyo ina msingi, maana tiketi imekatwa kwa pesa ya jasho, na ukiachwa na treni leo hujui utalala wapi wala utakula nini mpaka treni nyingine. Kumwambia mtu kama huyo asiogope hakumsaidii chochote. Kinachomsaidia ni hesabu, na hesabu yenyewe inaanzia mwisho.

Tuseme chombo chako kinaondoka saa kumi na moja jioni na sasa ni saa nne asubuhi. Una masaa saba. Toa mawili, kwa sababu unatakiwa uwe umerudi na kukaa mahali pako mapema. Toa moja la dharura: pancha, mvua, pikipiki kuishiwa mafuta. Yanabaki manne, na hayo manne ndiyo yako kweli. Unakotaka kwenda, kwenda na kurudi pamoja kusizidi nusu yake. Kama ni mwendo wa saa moja kufika na saa moja kurudi, unabaki na masaa mawili ya kutulia huko, na roho haidundi. Kama ni zaidi ya hapo, usiende. Chagua pa karibu, na pa karibu papo pazuri.

Kabla ya hesabu hiyo hakikisha saa yenyewe. Tiketi ya kuchapishwa ikiandika 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, na ikiandika 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Matatizo yanakuja pale wakala anapoandika kwa kalamu "11:00" na kukurudishia chenji. Hiyo kumi na moja ni ya alfajiri, ya jioni, au ni saa tano asubuhi kwa saa za kizungu? Muulize palepale, akutajie kwa mdomo, asubuhi au jioni. Chukua na namba yake ya simu. Ukiwa mbali, simu ya dakika moja inakuambia kama treni imechelewa kuingia, na hapo hesabu yako inabadilika kwa raha.

Begi nalo lina utaratibu wake. Usimwachie mtu mliyekutana kwenye benchi, hata akiwa mpole kama nani. Afadhali uchukue chumba cha gesti kwa mchana mmoja, ufunge mlango, uoge, uchaji simu. Kitambulisho, tiketi, dawa na pesa vikae mwilini mwako. Ukiwa na ndugu au mtu wa kwenu hapa mjini, usione haya kumpigia. Hapa mkoani Katavi mtu hakasiriki kuombwa akutunzie mzigo. Anakasirika akija kusikia ulipita na hukusema.

Ukiwa na masaa mawili au matatu tu, nenda sokoni, upande wa samaki. Utaona migebuka. Ni samaki mwembamba, mrefu, mgongo umeiva rangi ya chuma na tumbo jeupe la fedha, amepangwa safu safu kichwa huku mkia kule. Anatoka Ziwa Tanganyika, kwenye mialo ya Karema na Ikola, na wale wabichi husafirishwa kwa barafu ili waingie mjini kabla ya jua kupanda. Aliyekaushwa amejikunja kidogo, ngozi inang'aa mafuta, na harufu yake inakufikia kabla hujamwona. Muuzaji akimgeuza, angalia jicho na bonyeza nyama ya shingoni: mbichi mzuri nyama inarudi, aliyechoka anabaki na shimo la kidole. Kisha ingia kwa mama ntilie, uagize wa kukaanga na ugali, au na wali.

Na huo wali usiule kimyakimya bila kujua unatoka wapi. Sehemu kubwa ya mpunga wa jirani na mji huu inalimwa kwenye bonde la mto Katuma, upande wa Kakese na Mwamkulu. Mto huo ndio unaoendelea kushuka hadi Sitalike, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukalisha maji Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Maana yake mpunga wako na kiboko wa hifadhini wanakunywa mto mmoja, na mkulima ndiye anayekunywa kwanza. Watafiti wameandika jinsi mabanio ya umwagiliaji juu yanavyopunguza maji yanayofika hifadhini wakati wa kiangazi. Silisemi hili kumlaumu mkulima, maana ndiye anayetulisha. Nalisema kwa sababu ukishalijua, safari ya Sitalike baada ya chakula inakuwa na uzito mwingine.

Basi twende Sitalike, maana hapo ndipo ninapotaka tukae. Kutoka mjini ni kilomita kati ya 35 na 40, kwenye barabara ya kwenda Sumbawanga. Magari ya abiria ya Kibaoni na Majimoto yanapita hapo, na ukiwa na wenzako wawili watatu mnaweza kukodi gari dogo mkachangia. Bodaboda zipo, lakini kwa umbali huo dai kofia ngumu na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujakaa juu ya siti. Nusu ya bei umlipe mkirudi. Sitalike ni kijiji cha kawaida, vibanda, watoto, mahindi ya kuchoma, na makao makuu ya hifadhi yapo hapo hapo. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1974, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Ukitaka kuingia ndani ni lazima ulipe kiingilio na uwe na gari, na kwa mtu mwenye masaa manne sishauri. Huna sababu ya kuingia ndani. Mto Katuma unapita kijijini, na viboko wamo mtoni.

Nenda kati ya Julai na Oktoba, wakati mto umepungua. Maji yakibaki kidogo, viboko wanasongamana kwenye madimbwi yaliyosalia, migongo imegusana, hata huoni maji. Ukitulia unaanza kuwatenganisha. Huyu ana kovu refu ubavuni, mbichi bado. Yule mdogo amelala juu ya mgongo wa mama yake. Masikio yanazunguka yakirusha matone, pua zinafunguka na kutoa pumzi nzito, kisha mmoja anaguna, mwingine anampokea, na ile sauti inazunguka dimbwi zima mpaka unaisikia kifuani. Ngozi zao zinatoa ute mwekundu unaowakinga na jua, ndiyo maana mtu akiwaona mara ya kwanza hudhani wanavuja damu. Kwenye kingo za mto kuna mashimo. Mamba wa Katavi hujichimbia humo na kulala kiangazi kinapokuwa kikali, wakati mwingine wengi kwenye shimo moja, na pua ya mmoja tu ndiyo imetokeza nje.

Hapa nazungumza kwa msisitizo, msikilizaji. Kiboko si wa kuchezewa. Kaa pale wenyeji wanapokuonyesha, kwenye ukingo wa juu au darajani, na kamwe usisimame kati ya kiboko na maji. Jua likishuka wanatoka kwenda kula majani, na njia wanazopita ni zao. Kwa hiyo uwe umeondoka kabla ya jioni, hata kama chombo chako ni cha usiku. Usivae bluu wala nyeusi, maana mbung'o, hao ndorobo, wanazifuata rangi hizo. Mitego yao yenyewe hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu.

Ukiwa pale muulize mzee yeyote habari za Katabi. Hifadhi na mkoa vimechukua jina lake. Anasimuliwa kuwa mwindaji wa zamani ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka chini ya mti huo kuomba baraka. Wabende na Wapimbwe walikuwa na uhusiano na bonde lile kabla hakujawa na geti wala askari wa hifadhi. Mimi naona mgeni aliyemtazama kiboko bila kusikia habari za Katabi ameondoka na nusu ya kitu.

Asali nitaipitia haraka, ingawa Wakonongo wa Inyonga hawatanisamehe. Katavi ni nchi ya miombo, na asali ya miombo ina ladha nzito kidogo, yenye moshi kwa mbali kama imerinwa kizamani. Usihangaike na majaribio ya kuichoma kwa kiberiti au kuidondosha kwenye maji, hayakuthibitishii kitu. Mwulize muuzaji imetoka kijiji gani, imerinwa lini, na kwenye mzinga wa aina gani. Mzinga wa gome unaua mti uliobanduliwa gome hilo, kwa hiyo asali ya mzinga wa mbao inastahili shilingi zako zaidi. Kama unaunganisha ndege ya nje huko Dar es Salaam, iweke kwenye begi la kupakiwa, ifungwe vizuri, kwa sababu ukiishika mkononi itaishia kwenye ukaguzi.

Sasa kuna abiria mwenye siku mbili mkononi. Treni imeondoka jana, au ndege ni keshokutwa. Huyu namwambia: nenda Karema. Ni zaidi ya kilomita mia moja kuelekea magharibi, mpaka ziwani. Sikushauri uende ukarudi siku hiyo hiyo. Lala huko.

Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji cha mwaka 1879, walipokuwa wakiitafuta njia ya kuingia Kongo kutokea pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki. Lakini jina ninalotaka ulitafute Karema ni la Adrian Atiman. Alizaliwa huko Sudan ya Magharibi, kwenye nchi ya mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari wakamkomboa, wakamsomesha, wakampeleka Malta akasomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889, na hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa mwambao ule kwa zaidi ya miaka 60, akajifunza na dawa za wenyeji, akaoa huko, na alifariki huko mwaka 1956. Mwafrika daktari, aliyewahi kuwa mtumwa, akihudumia ufukwe wa Ziwa Tanganyika kabla ya vita vya kwanza vya dunia! Watoto wetu wa Katavi wangapi wanalijua jina hilo? Ningependa kila mwanafunzi wa mkoa huu apelekwe Karema angalau mara moja kabla ya kumaliza darasa la saba.

Na Karema ya leo ina bandari mpya, iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya Kongo, maana ng'ambo ya maji kule ndiko Kongo iliko. Asubuhi ukisimama ufukweni unawaona wavuvi wakishusha samaki wale wale uliowala sokoni Mpanda.

Hesabu hiyo hiyo itumie hata ukifika Dar es Salaam. Mtu wetu akishuka uwanja wa Julius Nyerere na ndege ya kuendelea ni ya usiku, asubuhi anaweza kwenda mjini, lakini atoe muda mkubwa wa foleni ya Barabara ya Nyerere. Akifika Sokoine Drive aulize jengo linaloitwa Atiman House. Ni moja ya majengo ya kale kabisa ya jiji, la tangu enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, likaja kuwa nyumba ya Mapadri Weupe, nao wakalipa jina la daktari wa Karema. Mtu wa Katavi akisimama mbele ya jengo hilo ana haki ya kuona fahari.

Wenzetu wa nje wamelifanya jambo hili kuwa kazi yenye mpango. Shirika la ndege la Uturuki humchukua abiria wa kimataifa anayeunganisha ndege Istanbul, akiwa na kati ya masaa 6 na 24, likamzungusha mjini bure na kumlisha. Singapore nako abiria anayesubiri hutembezwa bure. Mtanzania anayepita huko aulize kwanza habari ya viza, maana kutoka nje ya uwanja ni kuingia nchi ya watu. Lakini tuangalie sababu yao. Hawagawi sadaka. Wanajua kwamba mtu aliyeuona mji kwa masaa matano atarudi kwa siku tano, na atawaambia wengine.

Sisi Mpanda hatuhitaji basi la bure. Tunahitaji vitu vidogo. Chumba kimoja chenye kufuli na daftari karibu na stesheni, kingine stendi kuu, mtu aache begi kwa ada ndogo na apewe namba. Ubao ulioandikwa kwa rangi inayosomeka: sokoni mwendo wa dakika ngapi, Sitalike kilomita ngapi, nauli ya halali kiasi gani, magari ya kurudi yanakwisha saa ngapi. Vijana wa bodaboda wenye kizibao chenye namba, wanaojua kusimulia habari za Katabi na mgodi wa Mukwamba wakiwa njiani. Hayo hayangoji bajeti ya wizara. Chama cha bodaboda kinaweza kukaa Jumapili moja kikapanga bei ya Sitalike, kwenda na kurudi, ikaandikwa na kubandikwa. Mwenye gesti anaweza kuandika mlangoni kwamba anapokea abiria wa mchana. Manispaa iwape vibali wanaotaka kuanza, isiwatoze ushuru mwaka wa kwanza.

Nawaomba wenye nyumba za wageni walio jirani na stesheni waanze na hilo daftari la mabegi, na bei waiandike mahali abiria anaposhukia. Anayetaka kuanza na hajui aanzie wapi, afike kwa mwenyekiti wa mtaa wake wiki hii, aulize kibali kinachohitajika.